Wengi wape, wachache je?

Jumamosi tulikaa chini ya mwarobaini kwenye mkutano wa mtaa, tukakubaliana kila kaya itoe shilingi 5,000 za greda lichonge barabara. Kabla mikono haijanyooshwa, mama anayeuza vitumbua pale njiapanda alisimama. Akafungua fundo la kanga, akatoa stakabadhi ya mchango wa mwaka jana na kuomba tusomewe kwanza mapato na matumizi. Mwenyekiti akamjibu, "Wengi wape, mama yangu. Kaa." Watu wakapiga makofi. Mama akaikunja karatasi yake, akaketi.

Makofi yale yameniuma mpaka leo. Kwa kunyoosha mikono tunaamua greda lije au lisije. Haki ya yule mama kujua hela yake ilikokwenda haipigiwi kura, hata angekuwa peke yake anayeuliza.

Tumeshapita hapa kama taifa. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vingi. Takriban asilimia 80 wakasema kimoja kinatosha. Kwa "wengi wape" ya mwenyekiti wetu, mjadala ungeishia siku hiyo. Lakini tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 vikaruhusiwa kisheria. Ile asilimia 20 walikuwa raia sawasawa na wengine. Na wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja nao walitaka kibadilike. Kuhesabu peke yake kusingetuambia hilo. Ilibidi watu wasikilizwe.

Nakubali, mwisho wa yote lazima walio wengi waamue, maana mvua haisubiri na barabara ile ina mashimo ya kumeza bajaji. Lakini kuamua ni jambo moja, kumnyamazisha mtu ni jingine.

Hata juu huko bado tunadaiwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha hapa hapa kwetu, ilisema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Asiye na chama bado hagombei.

Baada ya mkutano nilimfuata yule mama, nikamwomba asiitupe stakabadhi. Yangu nimeitafuta usiku kucha, nimeipata ndani ya daftari la mtoto. Mkutano ujao tutasimama wawili.