Nyimbo za fidla kwenye gitaa moja: besi iwepo au tuiache?

Wapiga gitaa la akustika kwa vidole wana ubishi wao ambao hauishi na mimi nimo humo humo, kwa hiyo msitegemee niwe refa. Ubishi wenyewe ni huu: umechukua wimbo wa asili wa fidla, tuseme rili (wimbo wa haraka wa kuchezea dansi) ya Ayalandi au ya Uskoti, unataka kuupiga peke yako, hakuna wa kukusindikiza. Chini ya melodi uweke besi, yaani noti nzito za chini, na kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, au uiache melodi itembee yenyewe kama ilivyozaliwa? Wengine wanasema nyuzi sita zipo za nini kama hutazitumia. Wengine wanasema ukishaanza kujaza-jaza umeshaua wimbo, umebaki na gitaa tu.

Hao wa besi wana hoja nzito, tusiwadharau. Fidla ina upinde, noti moja inaweza kuvutwa, ikanenepa, ikakonda, mpigaji akaishika mpaka atakapochoka. Gitaa ukishadonoa uzi ndo basi, sauti inaanza kufa sekunde hiyo hiyo. Halafu ukisoma noti zilizoandikwa kwa ajili ya fidla ukazipiga kama zilivyo, gitaa linazitoa oktavu moja chini, ule ung'avu wa uzi wa juu wa fidla unapotea, kwa hiyo melodi tupu kwenye gitaa inaweza kusikika kama mtu anayejisemesha chumba cha pili. Ukiweka kitu chini, wimbo unapata sakafu.

Na hapo ndipo DADGAD inapoingia. Hii ni tyuningi, yaani namna ya kukaza nyuzi, na herufi zake ni noti za nyuzi sita kuanzia ule mnene, iliyoenezwa na Davey Graham wa Uingereza miaka ya 1960, baadaye watu kama Pierre Bensusan wa Ufaransa na Tony McManus wa Uskoti wakaipeleka mbali sana. Unashusha uzi wa kwanza na wa sita kutoka E mpaka D, na wa pili kutoka B mpaka A, basi. Ukizicharaza wazi unapata sauti ambayo haijaamua kama ni meja au maina, na nyimbo nyingi za fidla ziko kwenye D, G au A, kwa hiyo besi za D na A unazipata bila kushika kitu mkono wa kushoto. Jaribu hii: shuka kutoka D ya uzi wa kwanza ukiwa wazi, kisha C shapu uzi wa pili freti ya 4, B uzi wa tatu freti ya 4, A uzi wa pili wazi, G uzi wa tatu wazi, F shapu uzi wa nne freti ya 4. Mkono umetulia sehemu moja, kila noti iko kwenye uzi tofauti na ile iliyotangulia, zinaingiliana kama kinubi. Mara ya kwanza kuifanya nilikaa nusu saa narudia hizo noti sita tu, aibu kabisa.

Lakini sasa tuongee ukweli. Utamu huo huo ndo mtego. C shapu na B zikilia pamoja kwenye wimbo wa taratibu ni asali, ila rili haiendi taratibu. Wapigaji wenyewe wakikaa pamoja spidi ya mapigo 112 kwa dakika ni ya kawaida tu, na kila pigo lina noti nne, piga hesabu, ni noti saba na kitu kila sekunde. Ukiziacha zote zilie juu ya zenzake kwa spidi hiyo unapata ukungu. Wimbo wote, sehemu ya kwanza mara mbili na ya pili mara mbili, unaisha kwa sekunde kama 34, msikilizaji hana muda wa kuuchambua huo ukungu.

Kambi ya pili wanapenda kukumbusha kwamba muziki huu kwa asili ni wa melodi, fidla hata zikiwa kumi zote zinapiga melodi ile ile, kila mtu na vikorombwezo vyake. Kodi zilikuja kuzoeleka baadaye, na kinanda (piano) kwenye santuri zilizorekodiwa New York miaka ya 1920 kilichangia sana, na ukizisikiliza zile rekodi kuna mahali mpiga kinanda anabahatisha waziwazi huku fidla inakata mbuga kivyake. Na kodi inalazimisha majibu. Kuna nyimbo ambazo ile noti ya saba mpiga fidla anaiweka katikati, si C ya kawaida si C shapu, anaitelezesha makusudi. Wewe ukishaweka kodi ya A meja, ambayo ndani yake ina C shapu, chini yake umeshaamua kwa niaba ya wimbo. Hapo nawapa pointi zao zote.

Ila wakisema besi yoyote ni ugeni, hapana. Bagipaipu ya Ayalandi, ile inayopewa upepo kwa kiwiko, ina mabomba matatu yanayolia D muda wote, kila moja oktavu tofauti. Besi inayosimama sehemu moja imo ndani ya mila yenyewe, kwa hiyo mtu anayegusa D ya chini mara moja moja na kuiacha ivume hajaleta kitu kigeni. Shida yangu ni besi inayotembea, ile ya dole gumba kupiga bum-bum-bum-bum kila pigo kama kwenye staili za Marekani. Kule inapotoka ni tamu, siikatai. Kwenye rili inageuka askari wa gwaride.

Na hii ndo sababu naona pande zote mbili zinabishania kitu cha pili wakati cha kwanza wamekiruka, yaani upinde. Watu wanahamisha noti, hawahamishi upinde. Mpiga fidla haanzi kila noti upya, anaunganisha mbili au tatu kwa mvuto mmoja, na mara nyingi mvuto huo unavuka pigo, unaanzia kabla ya pigo unaishia juu yake, ndo maana miguu ya mtu inaanza kucheza bila kuombwa. Kwenye gitaa ukidonoa kila noti kwa nguvu sawa hata usahihi uwe asilimia mia, unasikika kama mashine ya kushonea. Dawa yake ni kutafuta upinde uliunganisha wapi, hapo usidonoe, tumia hama-oni au puli-ofu, kidole cha kushoto kigonge uzi au kiunyofoe. Sasa ukiwa umejaza besi kila pigo, hata ukifanya hivyo haitasikika, dole gumba litakuwa limeshapiga muhuri juu ya pigo lile lile ulilotaka kulivuka.

Vikorombwezo navyo usivinakili kijinga. Ile roli ya fidla, noti tano ndani ya nafasi ya noti tatu, ukiifanya yote kwa mkono wa kushoto kwenye freti ya 4, 5, 4, 2, 4 kwa mdonoo mmoja, noti ya mwisho imeshakufa kabla hujafika. Mimi naweka noti moja fupi ya kukata, naendelea na safari.

Nilichofanya mwisho wa siku ni kuchukua rili moja niliyokuwa nimeipamba kama bibi harusi, nikajirekodi, nikaanza kutoa besi moja moja na kusikiliza kila nikitoa. Ilianza na besi nne kila kipimo. Vipimo nane vya kwanza sasa vina besi tano jumla, na moja kati ya hizo bado naitilia shaka. Sehemu ikirudiwa mara ya pili naongeza kidogo, D ya chini mwanzoni na A pale inapogeuka, maana wimbo unaorudiwa bila kubadilika chochote unachosha.

Nyimbo za taratibu, zile zisizo na mapigo ya kuhesabu, ni kesi nyingine na hapo nahamia kambi ya kwanza bila kinyongo. Noti ndefu ambayo upinde ungeishika sekunde tatu, kwenye gitaa imeshazimika nusu ya njia, usipoweka kitu chini kuna shimo. Hapo weka kodi, weka besi, acha nyuzi zilie mpaka zichoke. Bado nakwama pale noti inapotakiwa kukua badala ya kufa, nimejaribu kuidonoa tena taratibu, nimejaribu kuitikisa kwa kidole, na zote mbili zinasikika kama mtu anayejaribu kuamsha mgonjwa.