Nywele Zenye Machale

Kazi za katuni yetu ya kompyuta zilipogawanywa, wenzangu walipewa vitu vya heshima. Mmoja alipewa uso, mwingine mikono, mwingine taa. Mimi nikapewa nywele. Mwongozaji akanipiga bega: "Kaka, hiyo ni kazi ndogo. Nywele zinajiendesha zenyewe. Si kuna simulesheni?"

Simulesheni, yaani kompyuta kukokotoa mwendo yenyewe badala ya mtu kuupanga, ipo. Na kweli nywele zinajiendesha zenyewe, na hilo ndilo lililotutesa.

Shoti, yaani kipande kimoja cha filamu, ilikuwa ya sekunde 8. Binti ameketi, mlango ameupa mgongo. Mlango unabishwa hodi. Nusu sekunde baadaye binti anageuka ghafla, nywele zinamfuata, zinatua begani, anatabasamu, basi. Kwa picha 24 kila sekunde, zinazoitwa fremu, hizo ni fremu 192. Nywele ni ndefu, sentimita 60, hazikusukwa wala kufungwa, maana maelezo ya mteja yalisema anataka "nywele zenye uhai". Aliyeandika maneno hayo hajawahi kukutana na nywele zenye uhai. Mimi nimekutana nazo.

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, na hakuna mwenye akili timamu anayezikokotoa zote. Unateua chache, mia kadhaa tu, ziwe viongozi. Kila kiongozi kompyuta inamwona kama vipande vidogo vilivyoungwa kwa springi; vina uzito, vina ugumu wa kupinda, vinavutwa na graviti na kusukumwa na hewa. Nywele zilizobaki ni wafuasi. Wao hujazwa katikati ya viongozi hesabu ikishakwisha, na hawana wanalofikiri. Viongozi wakienda kushoto, nao kushoto. Viongozi wawili wakitengana, huyu akapita shavu la kulia na yule la kushoto, wafuasi wa katikati hukatiza puani bila hata kuomba njia, kwa sababu mgongano na ngozi hukaguliwa kwa viongozi peke yao. Sitaki kufananisha na chochote.

Hata wakubwa hufanya hivyohivyo. Studio ya Pixar walipomtengeneza Merida, binti wa filamu ya katuni ya Brave, iliyotoka mwaka 2012, walichonga misokoto kama 1,500, na kutokana na hiyo zikajazwa nywele zaidi ya 110,000. Na bado ikabidi waandike programu mpya ya kuziendesha. Wao walikuwa na wahandisi. Mimi nilikuwa na kompyuta moja ambayo feni yake hulalamika hata nikifungua barua pepe.

Basi nikabonyeza kitufe cha kucheza. Fremu ya kwanza: binti ameketi, nywele zimetulia, mambo mazuri. Fremu ya pili: binti ana upara.

Nikazitafuta. Nikairudisha kamera nyuma, nikairudisha tena, hadi chumba kikawa nukta. Nywele nikazikuta huko mbali, zimetoboa ukuta, zimenyooka kabisa, na bado safari inaendelea. Mwenye taa akapita nyuma yangu, akatazama, akauliza kwa upole, "Hizo zinakwenda kwa nani?"

Kumbe mhusika huumbwa katikati ya ulimwengu wa programu, kwenye sifuri, amesimama na mikono kaitanua. Kiti kilikuwa mita 5 kutoka hapo. Mhuishaji, yule anayempa mhusika mwendo, hakuona sababu ya kumtembeza mtu ambaye hata kamera haijamwona, kwa hiyo fremu ya sifuri binti yuko katikati ya ulimwengu, fremu inayofuata yuko kitini. Machoni petu huko ni kukaa. Kwa nywele ni mwendo wa mita 5 ndani ya sehemu moja ya 24 ya sekunde, yaani mita 120 kwa sekunde, yaani kilomita 432 kwa saa. Kimbunga cha daraja la 5, la juu kabisa, huanza kuhesabiwa kwenye kilomita 252. Binti alikaa kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kimbunga, halafu tunashangaa nywele zimebaki wapi.

Dawa yake inajulikana. Studio kubwa nyingi huianza shoti kwenye fremu ya 1001, si ya 1, kusudi nyuma yake kuwe na nafasi ya matayarisho: mhusika anatoka kwenye pozi la kuumbwa taratibu, anaingia kitini, nywele zinatua, ndipo kamera inafunguka. Nasi tukahamia 1001. Nikamwomba mhuishaji amkalishe binti kistaarabu. Akamkalisha. Nywele zikabaki kichwani, na mimi nikalala usingizi wa mtu mzima.

Nilipoamka mchongaji alikuwa ameleta toleo jipya la mhusika, mashavu yamejaa kidogo kama mteja alivyotaka. Nikaliunganisha na nywele, nikacheza. Hodi ikabishwa. Binti akageuka. Binti akatabasamu. Shoti ikaisha. Nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuondoka kule alikokuwa anatazama mwanzo.

Nikairefusha shoti ili nione mwisho wake. Zilikuja. Zilikuja kwa madaha, kwa mapozi, hazina haraka na mtu, zikapita mbele ya uso ambao ulishamaliza kutabasamu zamani, zikaenda upande wa pili, zikafikiri, zikaanza kurudi.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mhariri akasema nipunguze uzito wa nywele. Nikapunguza, hakikubadilika kitu cha maana, kwa sababu graviti haijali uzito: jiwe na kokoto huanguka sawa, na nywele vilevile. Mwongozaji akasema, "Zichangamshe." Hakuna namba inayoitwa kuchangamka, nimeshaitafuta. Mwenye mikono akasema niongeze ugumu. Nikaongeza, nywele zikasimama kama fagio, na binti alipogeuka akaonekana anataka kuufagia mlango. Nikapunguza ugumu, nikaongeza ukinzani wa hewa. Sasa zikawa zinachelewa zaidi, tena kwa huzuni.

Niliijua sababu kwa bahati tu. Nilitaka kupima umbali kati ya bega na ncha za nywele, kipimo kikaniambia ni mita 17. Nikapima binti mzima. Nikamwita mchongaji.

"Dada, huyu binti ana urefu gani?"

"Mita moja nukta sita."

"Hapa kwangu ana mita mia na sitini."

Akasogea, akaisoma ile namba, akaisoma tena. "Basi atakuwa anakula vizuri," akasema.

Yeye hufanya kazi kwa sentimita, programu yangu huhesabu kwa mita. Kwenye skrini huwezi kujua, kwa sababu mtu mwema mmoja, alipoona binti hatoshi chumbani, hakumpunguza binti. Alikikuza chumba, na kiti, na mlango, na kamera akairudisha nyuma hadi kila kitu kikaonekana sawa. Kila kitu isipokuwa graviti, ambayo ilibaki 9.81 ileile. Jiwe lililofungwa kwenye kamba ya sentimita 60 huenda na kurudi kwa sekunde moja na nusu. Kamba ikiwa ya mita 60, ni sekunde 15. Shoti yetu ilikuwa ya sekunde 8. Nywele hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa zinatembea sawasawa na inavyopasa nywele za mwanamke mwenye kimo cha mnara, na sisi ndio tuliokuwa tunazigombeza.

Tukampunguza binti, na dunia yake yote. Nywele zikaanza kuwahi.

Kilichofuata ni mabega, na mabega nitayapitia haraka kwa sababu bado yananiuma. Mtu akigeuka ghafla, unywele unaweza kuwa mbele ya bega kwenye fremu hii na nyuma ya bega kwenye fremu inayofuata. Kompyuta haikuuona ukipita, hivyo kwake hakuna aliyegongana na mwenzake. Ikija kushtuka, unywele uko ndani ya mwili. Inausukuma nje, springi zinaurudisha ndani, inausukuma tena, na binti anakaa anatabasamu huku upande mmoja wa kichwa unatetema. Unaigawa kila fremu vipande vidogo, ikague mara 5, mara 10, mara 20, na kila unapogawa muda wa kungoja unaongezeka, feni inapiga mayowe. Wakati huohuo mwongozaji amekuletea ujumbe: anataka ziwe huru kabisa, ila zisiguse uso, na zikitua zitue palepale alipochora kwa kalamu nyekundu. Huo si uhuru, ni kifungo cha nje, lakini programu ina namba yake: inazivuta nywele zirudi kwenye umbo la mwanzo, kidogo au sana. Ukiipandisha sana unapata kofia. Ukiishusha unapata mwani. Mahali pazuri ni padogo mno, na ukipapata usiguse kitu, usipige hata chafya.

Nikapapata. Nikaoka, maana kazi hii ikiisha lazima uioke: mashine inakokotoa mwendo wote, inahifadhi hali ya nywele kwa kila fremu kwenye faili za kashe, na kuanzia hapo haifikiri tena. Fremu 1060 ikifika, inafungua faili ya 1060 na kuweka nywele kama ilivyoandikwa. Nikaandika kwenye kundi letu la ujumbe kwa herufi kubwa: NYWELE ZIMEOKWA, MSIGUSE KITU. Watu wakaniwekea vidole gumba.

Usiku ule mwongozaji akapata wazo. Shoti inaanza kwa pupa, akaona. Tuipe sekunde moja ya utulivu mwanzoni. Mhuishaji akasogeza mwendo wote wa binti mbele kwa fremu 24. Mtu wa sauti akasogeza hodi. Mwenye taa akaarifiwa, na wa uso, na wa mikono. Mimi nikabaki na vidole gumba vyangu.

Asubuhi tukakaa mbele ya skrini kubwa. Alikuwepo mteja, mama mmoja mtulivu mwenye daftari, na bwana wa masoko aliyekuja naye, na mwongozaji katikati yao. Taa zikazimwa.

Binti ameketi. Kimya. Utulivu mzuri kweli, wazo halikuwa baya. Ndipo nywele zikanyanyuka. Kichwa hakijasogea hata chembe. Nywele peke yake, zote, zikajirusha pembeni, zikapiga wimbi, zikatua begani kwa ustadi uliokuwa umenigharimu macho yangu. Kisha hodi ikabishwa. Kisha binti akageuka, na alipogeuka hakuna unywele uliotikisika, kwa sababu zenyewe zilishamaliza kazi.

Mteja akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Hizi nywele," akauliza, "zimesikia nini?"

Mwongozaji akageuka kunitafuta gizani. Kabla hajanipata, bwana wa masoko alikuwa amesimama.

"Yamemcheza machale!" akasema. "Mama, umeona? Mgeni hajabisha hodi, mwili umeshajua. Nywele zimesisimka kwanza. Huu ni ufundi mkubwa sana."

Mwongozaji akakaa vizuri kitini. "Tulilijadili kwa kina," akasema.

Mama akaandika kitu kwenye daftari, akakifuta. "Machale humcheza mtu," akasema. "Hayachezi nywele peke yake, mwenyewe amekaa hana habari."

"Nywele ndizo zinazomwambia."

"Mbona hakuambiwa? Zimetulia begani, yeye bado anatazama ukuta."

"Anazidharau kwanza, mama. Ndivyo watu walivyo na machale yao."

"Na huyo mgeni ni mbaya wake?"

"Hapana, ni... ni mtu mzuri."

"Sasa kama ni mtu mzuri, nywele zimesisimkia nini? Na mwenyewe anatabasamu."

Bwana akafikiri. Tulimhurumia. "Nywele zilimdhania vibaya," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshafungua kompyuta. Kuna namba moja inayoiambia kashe ianze kusoma kwenye fremu ipi. Nikaongeza 24. Nikaomba tutazame tena, na nikasema tu kwamba ni toleo jingine, maana sikuona faida ya kuwaeleza mambo ya kashe watu waliokuwa katikati ya mjadala mzito namna ile.

Utulivu. Hodi. Binti akageuka, nywele nyuma yake, zikachelewa kidogo kama zinavyopasa kuchelewa, zikapanda hewani, hazikugusa uso, zikashuka begani pale penye alama nyekundu. Tabasamu. Mwisho.

Bwana wa masoko akashusha pumzi. "Sasa ni nywele tu," akasema.

"Ndizo nilizoagiza," mama akajibu, akafunga daftari.

Shoti ilipita siku ileile. Bwana yule bado huniandikia mara mojamoja, kwa siri, akiniomba lile toleo la kwanza, eti atalipatia matumizi. Ninalo. Kashe yake inakula nafasi kubwa kuliko shoti nzima iliyokamilika, na folda nimeipa jina machale_USIFUTE.