Ndege za NATO tuzipokee, ila ya Libya tusiyasahau

Umoja wa Afrika ulipoanzisha AMISOM, kikosi chake cha kulinda amani nchini Somalia, mwaka 2007, Burundi ilikubali kutoa askari, lakini kuwafikisha huko kulihitaji ndege kubwa za kijeshi. NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ikasaidia kuwasafirisha hadi Mogadishu, kisha ikaisindikiza meli iliyobeba zana zao, wakati huo maharamia wakiwa wametanda baharini. Kabla ya hapo, kuanzia 2005, ilisaidia kuwapeleka walinda amani wa Umoja wa Afrika Darfur. Anayetaka ushirikiano huu wa NATO na Umoja wa Afrika ufutwe atueleze askari wale wangefikaje.

Hata hivyo, mwaka 2011 bado unanikereketa. Machi 10, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliunda kamati ya marais watano, Zuma wa Afrika Kusini na Museveni wa Uganda wakiwamo, itafute suluhu ya Libya. Walipanga kutua Tripoli Machi 20. Machi 19 mataifa ya Magharibi yakaanza kushambulia kwa ndege na makombora, na safari ikazuiwa. NATO ilishika uongozi wa operesheni mwishoni mwa mwezi. Ujumbe ulifika Tripoli Aprili 10. Gaddafi, kiongozi wa Libya, akaukubali mpango wao. Kesho yake waasi wa Benghazi wakaukataa, kwa sababu haukumtaka Gaddafi aondoke madarakani. Pengine usuluhishi ungekwama hata bila mabomu. Lakini haukupewa nafasi ya kujaribiwa kabla ya mabomu kuanza, na silaha zilizotoka Libya zikaiwasha Mali mwaka uliofuata.

Haki itendeke kwa NATO pia: azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililoruhusu nguvu kutumika kuwalinda raia wa Libya, lilipita kwa kura za Afrika Kusini, Nigeria na Gabon. Sisi wenyewe hatukuwa na kauli moja.

Mwaka 2014, na tena 2019, NATO na Umoja wa Afrika zilitia saini makubaliano ya ushirikiano. Usafiri na mafunzo ni sawa. Ninachotaka ni sharti lililo wazi: NATO isitumie nguvu katika bara hili kabla ya kuketi na Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika na kulisikiliza.

Sharti hilo litaheshimiwa endapo tutajilipia. Umoja wa Ulaya ulipopunguza fedha za posho za askari wa AMISOM kwa asilimia 20 mwaka 2016, viongozi wetu walibaki kulalamika. Mkono mtupu haulambwi. Serikali zinazodai heshima Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, zianze kwa kutoa michango yao ya Mfuko wa Amani wa umoja huo kwa wakati.