Kiingilio cha Pantheon na foleni ya Koloseo: nani anafungiwa mlango wa magofu ya Roma?

Tangu tarehe 3 Julai 2023, mgeni anayetaka kuingia Pantheon, jengo la Kirumi lililobaki zima kuliko mengine yote mjini Roma, anatakiwa kuwa na tiketi. Kiingilio kilianza kwa euro 5, kiasi kisichomtoa jasho mtu aliyekwisha kulipia ndege na hoteli. Hata hivyo mabishano yaliyozuka yalikuwa makubwa kuliko bei yenyewe, kwa sababu yaligusa jambo ambalo miji yenye magofu hulikwepa kwa muda mrefu: je, jengo la kale ni mali ya umma inayopaswa kubaki wazi kama barabara, au ni hazina inayopaswa kulindwa kwa lango, saa na fedha?

Wanaopinga kiingilio wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Pantheon ya sasa, iliyojengwa kuwa hekalu, ilikamilika zama za Kaisari Hadrian, karibu na mwaka 126, na mwaka 609 ikageuzwa kuwa kanisa. Kugeuzwa huko ndiko kulikoiokoa, maana mahekalu mengi ya jirani yaliachwa yakaporwa mawe. Mpaka leo misa husomwa humo, na anayekwenda kusali halipi. Wakazi wa Roma nao hawalipi. Lakini uzuri wa mahali pale kwa mgeni ulikuwa katika kupitapita: mtu anaingia asubuhi kabla ya msongamano, anarudi mchana kutazama duara la jua likitambaa ukutani, na ikinyesha jioni anakimbilia ndani kuona mvua ikishuka katikati ya ukumbi. Kuba lina tundu wazi juu lenye upana wa karibu meta 9, na maji yanayoingia hupotelea katika vitobo vidogo vilivyotobolewa kwenye sakafu ya marumaru, ambayo imeinuliwa kidogo katikati ili maji yasituame. Siku za mvua walinzi huzungusha kamba mahali palipolowa, na watu husimama pembeni kimya wakiangalia matone. Ziara ya namna hiyo, ya kuingia na kutoka bila mpango, haiwezi kukatiwa tiketi mara tatu kwa siku.

Upande wa pili nao haukosi mashiko. Kuba hilo, lenye kipenyo cha meta 43.3 na kimo kama hichohicho kutoka sakafuni, limejengwa kwa zege lisilo na nondo hata moja, na bado ni kubwa kuliko makuba yote ya aina yake duniani. Jengo la namna hiyo linahitaji wataalamu, walinzi na ukaguzi usiokoma. Makubaliano kati ya wizara ya utamaduni na dayosisi ya Roma yaligawa mapato: asilimia 70 kwa wizara na asilimia 30 kwa dayosisi. Mtu anaweza kuubishia mgawanyo huo, lakini hawezi kusema kwamba hajaambiwa fedha zinakwenda wapi, na hilo si jambo dogo.

Kwa maoni yangu Pantheon ni kesi nyepesi. Kesi ngumu iko mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka hapo, penye Koloseo, uwanja mkubwa wa michezo wa Kirumi.

Historia ya Koloseo inawapa nguvu wale wanaodai kwamba magofu yawe bure. Kaisari Nero alikuwa ametwaa eneo kubwa la katikati ya mji kwa ajili ya kasri lake, na mahali uwanja ulipo leo palikuwa na ziwa la kuchimbwa la bustani yake. Vespasian alipotwaa madaraka alilikausha ziwa akaanza kujenga uwanja wa michezo kwa ajili ya wananchi, kwa msaada wa ngawira za vita vya Uyahudi. Mwanawe Titus akauzindua mwaka 80. Ilikuwa siasa, na siasa ya werevu: ardhi iliyotwaliwa na mmoja imerudishwa kwa wengi. Watu waliingia bila kulipa. Je, si kejeli kwamba jengo lililosimamishwa ili kuwarudishia watu mji wao sasa linaingiwa kwa euro 18?

Hoja hiyo inavutia mpaka mtu ainue macho atazame juu ya matao ya chini. Upande wa kaskazini, ambako ukuta wa nje umesalia, namba za Kirumi bado zinasomeka zimechongwa kwenye mawe, kuanzia 23 hadi 54. Matao yalikuwa 80, na 76 kati yake yalikuwa na namba, kwa sababu kila mtazamaji alipaswa kupita tao lake, apande ngazi zake na kuketi mahali pa tabaka lake: maseneta mbele kabisa, wananchi wa kawaida juu zaidi, maskini na wanawake juu kileleni. Kuingia kulikuwa bure, lakini nafasi ilikuwa imepangwa tangu mtu hajatoka nyumbani. Kwa hiyo anayelilia Koloseo ya zamani iliyokuwa wazi kwa wote analilia kitu ambacho hakikuwapo. Uwanja ule ulikuwa na mfumo wa kupanga umati kabla yetu kwa karne 19, na namba zake zimedumu kuliko viti vyake. (Niseme pia kwamba burudani yenyewe iliyotolewa bure, ikiwamo kuua simba na chui waliosafirishwa kutoka Afrika, haifai kutajwa kwa hamu sana.)

Swali basi si kama umati upangwe, bali upangwe kwa kigezo gani. Bei peke yake imeshindwa. Mwaka 2023 hifadhi ya Koloseo, inayojumuisha pia Foro Romano, yaani uwanja mkuu wa Roma ya kale, na kilima cha Palatino, ilipokea watu zaidi ya milioni 12, na mwaka uliofuata zaidi ya milioni 14, ingawa kiingilio kilikuwa kimepanda kutoka euro 16 hadi 18. Mtu aliyevuka bahari hakatai kuingia kwa sababu ya euro 2. Bei inapopanda kwa kiasi hicho hukusanya fedha tu, haimzuii mtu.

Kinachozuia ni kikomo cha idadi, na hapa Pompeii imetoa somo lililo wazi zaidi. Kuanzia Novemba 2024, mji huo uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 haupokei zaidi ya watu 20,000 kwa siku, baada ya siku moja ya kiingilio bure kuleta watu wapatao 36,000. Anayeamini kwamba dawa ya ubaguzi wa bei ni kufungua milango tu aitafakari siku ile. Watu 36,000 katika vichochoro vya mawe chini ya jua la Campania, mkoa ulipo mji huo, si umma unaofurahia urithi wake. Ni foleni inayotembea. Makumbusho na magofu ya serikali ya Italia huwa bure kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na ni utaratibu mwema, lakini unamfaa zaidi anayeweza kusimama saa nyingi, si mzee wala mama mwenye mtoto mgongoni.

Hata hivyo kikomo kina ugonjwa wake, nao unaitwa ulanguzi. Tiketi zikiwa chache na zikauzwa mtandaoni, yuko atakayezinunua kwa mkupuo. Aprili 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza faini za jumla ya karibu euro milioni 20 kwa kampuni iliyokuwa ikisimamia mauzo ya tiketi za Koloseo na kwa mawakala kadhaa wa utalii, baada ya kuona kwamba kwa miaka kadhaa tiketi za kawaida zilikuwa zikiisha haraka mno, nyingine zikinyakuliwa na programu za kompyuta, kisha zikirudi sokoni zimefungashwa pamoja na huduma za mwongozaji kwa bei ya juu. Kwa mgeni wa kawaida, mlango uliofungwa haukuwa ule wa euro 18. Ulikuwa ukurasa wa tovuti unaosema nafasi zimejaa, na pembeni yake tangazo la mtu mwingine anayezo.

Dawa iliyowekwa tangu Oktoba 2023 ni tiketi yenye jina: jina la tiketi lazima lilingane na kitambulisho langoni. Naiunga mkono, lakini ina upande ambao wapanga mipango wa Roma huenda hawakuufikiria, kwa kuwa hauwahusu wao. Tiketi za Koloseo hutolewa siku 30 kabla ya ziara. Raia wa Umoja wa Ulaya anaweza kuamua leo, akanunua leo, akafika wiki ijayo. Mtu anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90, na ambayo kwa kawaida huamuliwa ndani ya siku 15 lakini inaweza kufika siku 45. Pasi yake iko ubalozini wakati tiketi zinaisha. Akinunua mapema na viza ikachelewa, tiketi haiuziki kwa mwingine kwa kuwa ina jina lake. Akisubiri viza kwanza, anakuta walanguzi ndio waliobaki. Utaratibu uliotungwa kumlinda mtalii dhidi ya mlanguzi unamrudisha kwa mlanguzi yule mtalii ambaye safari yake haimo mikononi mwake.

Lipo pia jambo la bei za makundi. Vijana wa Umoja wa Ulaya wenye miaka 18 hadi 25 hulipa euro 2 tu, ilhali mwanafunzi wa umri huohuo kutoka Afrika Mashariki hulipa yote. Inauma, lakini sisi hatuna mdomo mrefu wa kulalamika. Mtalii wa Kitaliano anayefika Fort Jesus mjini Mombasa hukuta ubao wenye bei ya raia, ya mkazi na ya mgeni, na ya mgeni ndiyo kubwa. Tumeona ni haki raia alipe kidogo kwa kuwa kodi yake tayari inatunza jengo. Hoja hiyohiyo inasimama Roma kama inavyosimama Mombasa; kinachoweza kubishaniwa ni ukubwa wa tofauti tu.

Mjadala huu wote una kivuli cha dhana moja niionayo dhaifu, kwamba mtalii ndiye adui mkuu wa magofu. Ni kweli yuko anayeharibu. Katikati ya mwaka 2023 video ya mgeni akichonga majina kwa ufunguo kwenye ukuta wa Koloseo ilizunguka dunia nzima, na sheria ya Januari 2024 ikaweka faini inayoweza kufika euro 60,000 kwa anayeharibu mali ya utamaduni. Lakini waliobomoa Koloseo hawakuwa watalii. Lilikuwa tetemeko la mwaka 1349 lililoangusha upande wa kusini, kisha karne kadhaa za wenye mji wenyewe kubeba mawe ya travertino kwenda kujengea makasri na makanisa. Na Novemba 2010, nyumba iliyojulikana kama ya wapiganaji huko Pompeii iliporomoka alfajiri, wageni hawajaingia, baada ya mvua na miaka ya matengenezo duni. Mradi mkubwa wa ukarabati wenye bajeti ya euro milioni 105 ndio uliofuata, na ndio uliofungua tena nyumba nyingi zilizokuwa zimefungwa. Koloseo nayo ilisafishwa kwa euro milioni 25 za mfadhili mwenye kampuni ya viatu, kwa mkataba wa mwaka 2011, na si kila Mrumi aliyeona vyema jina la biashara likaribiane hivyo na jengo la taifa.

Kwa hiyo, nikipima pande zote, naona kiingilio kinahalalika pale ambapo fedha zinaonekana zikigeuka kuwa chokaa, paa na mifereji, na kikomo cha idadi kinahalalika hata pasipo fedha. Ambacho sikubali ni mlango unaofunguka kwa yule tu anayeweza kupanga mwezi mzima mbele. Tiketi ya jina ingebaki, lakini sehemu ya kutosha ya nafasi za kila siku ingeuzwa dirishani siku hiyohiyo, kwa pasi mkononi, bila mtandao wala wakala. Foleni ingekuwapo, ndiyo, ila ingekuwa foleni ambayo mtu aliyepata viza juzi anaweza kuisimama.

Wakati huohuo mgeni mwenyewe anaweza kujipunguzia adha. Mamilioni yale ya wageni yanabanana mahali pachache mno. Ostia Antica, bandari ya kale ya Roma, iko karibu nusu saa kwa treni kutoka kituo cha Porta San Paolo mjini Roma, na mtu anaweza kusimama peke yake ndani ya duka la Kirumi lenye kaunta ya mawe akasikia ndege tu. Via Appia, iliyoanza kujengwa mwaka 312 KK na kuingizwa katika orodha ya UNESCO Julai 2024, haina lango: mtu hutembea juu ya mawe meusi yaliyochimbika mifuo ya magurudumu, kati ya makaburi na misonobari, kwa gharama ya nauli ya basi. Na tangu Desemba 2025, karibu kabisa na Koloseo, kipo kituo cha metro cha mstari wa C ambamo visima vya kale vilivyokutwa wakati wa kuchimba vimeachwa vionekane pamoja na vyombo vilivyokuwa ndani yake. Tiketi ni ile ya kawaida ya treni, euro 1.50, na haina jina la mtu. Juu ya ardhi watu wanahakikiwa pasi. Chini, mkazi anayerudi kazini na mgeni aliyekosa nafasi wanapita mbele ya visima hivyohivyo wakisubiri treni.