Ta 152H: mabawa ya kimo cha mita 14,000, vita vya usawa wa miti

Focke-Wulf Ta 152H, ndege ya kivita ya Ujerumani, ina wapenzi wanaoapa kwamba Vita Kuu ya Pili haikutoa ndege ya pistoni iliyo bora kuliko hiyo. Ina na wapinzani wanaoiita anasa ya nchi iliyokwisha kushindwa.

Wapenzi hawasemi ovyo. Fw 190 ya kawaida, ndege iliyoitangulia, ilianza kuishiwa pumzi ikipita mita 6,000 hivi, huku B-17, ndege za mabomu za Marekani, zikipita juu zaidi. Mbunifu wake, Kurt Tank, akarefusha mabawa kutoka mita 10.5 hadi 14.44, akaweka injini ya Jumo 213E na kuziba chumba cha rubani ili shinikizo la hewa lisishuke. Chini, injini iliongezewa nguvu kwa mchanganyiko wa maji na methanoli. Juu, palipo na hewa nyembamba, ililishwa gesi ya nitrasi oksaidi, na mwendo ukakaribia kilomita 750 kwa saa. Mwishoni mwa 1944 Tank mwenyewe alikuwa akiirusha alipokutana na Mustang, ndege za kivita za Marekani. Akafungulia methanoli, akazitoroka. Tank alikuwa mhandisi na pia rubani, na kisa hiki amekisimulia yeye. Tukipokee kwa kadiri hiyo.

Ila kule juu ilikuwa ikimfuata nani? Wajerumani waliihofia B-29, ndege ya mabomu ya Marekani iliyoruka juu zaidi, nayo ikapelekwa kuipiga Japani. Kikosi cha JG 301 cha jeshi la anga la Ujerumani kilianza kupewa Ta 152H Januari 1945, makumi machache tu, mafuta yakiwa adimu na Warusi wakikaribia.

Aprili 14, karibu na Ludwigslust, tatu kati yake zilizivaa Tempest, ndege za kivita za Uingereza, zilizokuwa zikishambulia reli. Mapambano yalikuwa chini kabisa, juu kidogo ya miti. Rubani Mjerumani Willi Reschke alikata kona kali kuliko Tempest iliyokuwa mbele yake, akaidungua. Mwenzake Sattler naye alianguka akafa.

Hapo ndipo naona pande zote mbili zinapitwa. Yale mabawa marefu, yaliyokusudiwa hewa nyembamba, ndiyo yaliyombeba Reschke kwenye kona ile ya chini. Kwa hiyo ndege haikuwa upuuzi. Lakini sifa inayotajwa kila siku, ile kasi yake kwenye kimo cha mita 12,500, haikupata adui wa kuipima, na mimi siwezi kuipa taji kwa namba za majaribio. Iliyosalia ni moja tu, iko Marekani, mikononi mwa makumbusho ya Smithsonian.