Neva iliyobanwa kifundoni: kiganja kipasuliwe au iingizwe kamera?

Banzi la usiku na sindano ya steroidi havikutosha. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati bado vinakufa ganzi, na daktari amesema ni upasuaji. Kinachokatwa ni kilekile kwa njia zote mbili: ligamenti pana (utepe mgumu unaounganisha mifupa) inayoifunika neva, yaani mshipa wa fahamu, kwenye kifundo cha mkono. Upasuaji wa wazi hupitia mkato wa sentimita 2 hadi 4 kiganjani. Wa kamera hupitia tundu la sentimita 1 hivi kwenye mkunjo wa kifundo (wengine huongeza la pili kiganjani), na kisu hukata ligamenti kutokea chini.

Wanaoipigia debe kamera hawabahatishi. Tafiti zilizolinganisha njia hizi zinaonyesha wagonjwa wake hurudi kazini mapema kwa wastani wa siku 8 hivi, hushika vitu kwa nguvu upesi zaidi wiki za mwanzo, na kovu huwasumbua wachache. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, anayevuna mara mbili kwa mwaka, anajua uzito wa siku hizo, maana mkasi wa kupogoa hukandamiza palepale penye kovu.

Ila ukiwapima tena wagonjwa wa njia zote mbili baada ya mwaka, huwezi kuwatofautisha: ganzi imepungua sawa, nguvu ni sawa. Hata yale maumivu ya pande mbili za kitako cha kiganja hayaepukiki kwa kamera, kwa kuwa hutokana na ligamenti yenyewe kukatwa. Mengi huisha ndani ya miezi 3 hadi 6. Na jembe, kwa njia yoyote, lisubiri wiki 4 hadi 6.

Upande wa madhara, neva kusumbuka kwa muda hutokea zaidi kwa kamera. Kukatika kabisa ni nadra kotekote. Upasuaji ukishindwa, mara nyingi ni kwa sababu nyuzi za mwisho za ligamenti, upande wa vidole, zimeachwa. Kamera isipoona vizuri, daktari anatakiwa kuiacha na kupasua kiganja. Huko si kushindwa, ndiyo busara yenyewe.

Kwa mtu wa Kondoa au Mpwapwa, naegemea njia ya wazi. Inahitaji sindano ya ganzi (lidokeini 1% yenye adrenalini 1:100,000, inayobana mishipa ya damu), kungoja dakika 25 hadi 30 damu ipungue, na vifaa vya kawaida. Hakuna nusu kaputi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kamera inafaa pale tu daktari anapoitumia mara kwa mara. Muulize bila haya ameshafanya mikono mingapi.

Misuli ya chini ya dole gumba ikiwa imeshanyauka, ubishi huu hauna maana sana; huenda isirudi kwa njia yoyote.

Nyuzi za mshono hutolewa siku ya 10 hadi 14, lakini vidole vianze kukunjwa siku ileile. Ganzi ikizidi kuliko kabla ya upasuaji, au dole gumba likikataa kuinuka, usingoje tarehe ya nyuzi.