Golf ya kawaida nayo tuleteeni

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema wanunuzi wa Marekani wameziacha hatchback (magari mafupi yenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake) kwa hiari yao na kukimbilia SUV. Sikubaliani naye. Chukua Golf, hatchback ya Volkswagen: ya kizazi cha nane ilizinduliwa Wolfsburg, Ujerumani, Oktoba 2019. Huku Marekani tukasubiri hadi mwishoni mwa 2021, na zikaja GTI na R tu, yaani matoleo yake ya kasi. Ile ya kawaida, ya mtu wa kipato cha kati, haikuletwa kabisa. Sasa mtu atanunuaje gari ambalo haliuzwi? Kujiagizia Ujerumani nako kugumu, maana gari lisilokidhi viwango vya usalama vya hapa husubiri litimize miaka 25. Mimi nataka gari fupi: unalaza viti vya nyuma, baiskeli inaingia, na kuegesha mtaani hakukusumbui. Halafu GTI ya 2025 ikaja bila gia za mkono! Hilo limeniuma sana.